Gumba la Kulia
…na tak nyingine, hiyo imepita juu ya sikio, mimi nimefumba macho, daktari kasema nisikaze shingo, basi nalegeza, kumbe alichonishikia kichwani ni koili ya waya tu, ndiyo inayolia tak, nguvu ya sumaku inachomoza humo na kuzama kufumba na kufumbua, na sumaku ikibadilika umeme huzaliwa, hata ndani ya fuvu, kama dinamo ya baiskeli, mama, alisema, ila hapa hakuna kinachozunguka… umeme huo ukiamsha ubongo, na njia ya kwenda mkononi ikiwa nzima, kidole kitaruka, kisiporuka… hakumalizia, akaanza kutafuta kalamu iliyokuwa mfukoni mwake… tak… mkono wangu wa kulia umelala kwenye mto, umelala hivyo tangu kiharusi, mkono uliokuwa ukitunga uzi kwenye sindano bila mimi kuangalia, sasa hata vifungo nafungwa na mume wangu, naye huanzia cha pili, natoka nguo imekaa upande, na nywele ananichana kama anapiga deki, Mungu ambariki… nilimwambia cherehani mpe dada yangu, mimi na kushona basi, akaitikia, kesho, na hiyo kesho haikufika, akaifunika shuka, kila Jumamosi namsikia anazungusha gurudumu, anaitia mafuta isishike kutu, mafuta ya kupikia, jamani, yataganda humo ndani kama gundi, nikataka kumwambia, nikanyamaza, ya nini, haitamshonea mtu tena… naongeza kidogo, mama, tulia, anasema daktari… tak… "Kimeruka," anasema mume wangu aliyekaa pembeni, mimi sikuhisi kitu, nafumbua macho, mkono umelala vilevile, ananifariji tu, ndio zake, lakini daktari naye ameinama, "Tazama mwenyewe, mama," tak, na gumba langu, langu mimi, linashtuka kama mtu aliyeitwa jina… hujapona, anasema daktari, njia tu ndiyo iko wazi, mazoezi yatakuwa marefu, nimesikia, daktari, nimesikia, ahsante, ahsante kwa koili, ahsante kwa huyu anayejifuta macho kwa shati nililomshonea mwenyewe… mkono umetulia tena kwenye mto kana kwamba si wenyewe, na cherehani iko nyumbani imelowa mafuta ya kupikia, leo nitamwambia, nitamcheka kwanza, halafu nitaifungua mwenyewe, skrubu moja moja, kwa mkono huu, hata ichukue mwaka, yeye anishikie taa.