Henga ya Mkono Mmoja

Mzee Mwinyimvua alikuwa amenyoosha mikono yote miwili, viganja juu, na baba hampi nguo.

Kanzu ilikuwa tayari. Suruali nayo ilikuwa tayari, imening'inia kichwa chini kwenye henga niliyoibuni mimi, mstari wa pasi umenyooka kutoka kiunoni mpaka ncha za miguu. Nilikuwa ng'ambo ya Mtaa wa Likoma, nimeegemea nguzo ya umeme, najifanya nasubiri mtu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimekuja kujionea sifa zangu. Nilitaka nimwone baba akimkabidhi mteja wake wa kwanza baada ya miezi minne, kisha niende zangu nikajipongeze kwa supu na chapati mbili. Badala yake nilimwona ameishika henga kwa mkono wa kushoto, anautazama mkono wake wa kulia uliolala ubavuni. Aliutazama kama mtu anayemsubiri mwenzake aliyechelewa.

Mimi ni fundi wa kutengeneza vyerehani. Kibanda changu kiko Gerezani, na kwa kazi yangu nilikuwa na kiburi, sikatai. Mashine ikija imekufa kifaa ambacho hakipatikani tena madukani, sikumwambia mwenyewe akahangaike kukitafuta. Nilikizunguka. Nilitoa gurudumu hapa, nikaunga waya pale, na mashine ikaondoka inashona bila kile kilichokufa. Mafundi wenzangu waliniita Badria Mzunguko, na jina lenyewe nililipenda. Kilichokufa kiache, tafuta njia nyingine. Hiyo ndiyo akili niliyokuwa nayo, na hiyo ndiyo niliyompelekea baba yangu.

Baba, Abdulmalik, alikuwa dobi. Miaka thelathini na mmoja kwenye fremu ile ile, meza ile ile iliyotandikwa blanketi la kijivu, pasi ya mkaa ambayo hakutaka kuibadilisha hata umeme wa mtaa ulipotulia. Watu wa Kariakoo walimletea nguo za siku zenye uzito: za Ijumaa, za Idi, za ndoa, za kwenda mahakamani. Hakuwa mwepesi. Ukimharakisha anakukunjia nguo zako na kukuelekeza kwa dobi mwingine, kwa adabu kabisa, na hakupi nafasi ya kuomba msamaha.

Na alikuwa na namna yake ya kukabidhi. Analaza nguo juu ya kiganja cha kulia, mkono wa kushoto unashika kiwiko, anainama kidogo, anasema, "Uvae kwa heri." Hata kaptula ya shule ya mtoto wa darasa la pili aliikabidhi hivyo hivyo. Tulipokuwa wadogo tulimwigiza nyumbani Magomeni, tunakabidhiana matambara ya jikoni, tunacheka mpaka mama anatufukuza.

Kiharusi kilimkuta asubuhi moja ya mwezi wa nne, anatia mkaa kwenye pasi. Kilichukua upande wote wa kulia. Mdomo ulirudi mahali pake, au karibu na mahali pake. Mguu ulirudi, akawa anauburuza. Mkono haukurudi.

Hospitali walitukutanisha na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, dada mmoja wa Kichaga aitwaye Candida, mwembamba, asiye na maneno mengi. Alimpa baba vibanio vya kuanikia nguo kumi na viwili, vile vya mbao vyenye springi katikati. Kazi ya baba ilikuwa kuvibana na kuviachia, kwa kidole gumba na cha shahada vya mkono wa kulia, asubuhi mara hamsini, jioni mara hamsini. Wiki ya kwanza hakufungua hata kimoja. Candida akanivuta pembeni.

"Dada Badria, usimwonee huruma. Miezi mitatu hii ya mwanzo ndiyo yenyewe. Akitaka maji, achukue kwa kulia. Yakimwagika, yamwagike."

"Sawa, dada," nilisema. Nilimsikia vizuri, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Ningekuwa sikumsikia ningekuwa na pa kujifichia.

Nyumbani baba alikaa kitandani ameelekea ukuta. Siku moja aliuliza, bila kugeuka, "Fremu yangu anaifungua nani?"

"Hakuna, baba. Imefungwa."

Hakuuliza tena. Siku mbili hakula, kikombe cha uji kikawa kinapoa na kuota ngozi juu. Niliogopa. Nilimwona anakufa palepale kitandani, si kwa kiharusi bali kwa kukosa kazi, na nikaapa kwamba lazima asimame tena kwenye meza yake. Sikuwa na lengo jingine mwaka ule.

Kupiga pasi kwa mkono wa kushoto aliweza. Tulijaribu, akaunguza shuka mbili, ya tatu ikatoka. Shida ilikuwa kutundika. Suruali iliyopigwa pasi sawasawa hutundikwa kwa ncha za miguu, ili uzito wa kiuno uivute chini na mstari ukae. Henga za kawaida zina vibanio viwili, na kila kimoja kinataka mkono mmoja wa kukifungua na mwingine wa kuingiza kitambaa. Mwenye mikono miwili hata hafikirii. Mwenye mmoja anasimama pale na suruali yake mpaka inajikunja upya.

Basi nikaanza kuzunguka. Nilichora nyuma ya risiti, nikachora juu ya meza kwa chaki. Nilichonga vipande viwili vyembamba vya mninga, nikaviunganisha kwa vyuma vinavyopishana kama mkasi, ili nguo inapovuta chini vipande vivutane na kubana zaidi. Kadiri nguo ilivyo nzito, ndivyo inavyoshikwa. Kuitoa, unaisukuma henga juu kidogo kwa kiganja, inafumbuka. Mkono mmoja tu. Ya kwanza iliangusha. Ya pili niliivisha mpira wa tairi la baiskeli ndani, ikashika vizuri mno, ikaacha alama nyeusi kwenye suruali nyeupe. Ya tatu nikaivisha sufi, ile inayonyonya mafuta kwenye mashine, na alama ikakoma.

Heriel, mwenye duka la jumla la henga na ndoo mkabala na baba, alikuja kibandani kuiona. Aliifungua na kuifunga mara kumi.

"Sista, hii kitu ni dili. Nipe sampuli moja tu, niipeleke wakaitoe kwa plastiki. Tunajaza kontena."

Nilimwambia asubiri. Kichwa kilikuwa kimevimba, siku zile nilitembea Kariakoo kama vile watu wote wananijua.

Kilichobaki kilikuwa springi. Kabla uzito wa nguo haujaanza kuvuta, lazima kitu kiilaze midomo ya henga juu ya kitambaa, kwa upole. Springi za cherehani zilikuwa kali, ziliacha meno. Nilizunguka mpaka Buguruni kwa wauza vyuma chakavu nisipate yenye ulaini ule. Jioni moja nikaingia chumbani kwa baba, naye amekaa na sahani ya vibanio mapajani. Siku iliyotangulia alikuwa ameniita nione. Kidole gumba kilitetemeka, na kibanio kikafumbuka, kidogo, upana wa ukucha. Alitabasamu kwa upande wa mdomo uliokuwa mzima. Nilisema "vizuri, baba" huku napiga tupa.

Sasa nikachukua kibanio kimoja kwenye sahani, nikakibonyeza. Springi ilikuwa ndiyo hasa.

"Baba, naomba springi za hivi. Nitakununulia vingine kesho."

Alinitazama, akatazama sahani.

"Chukua," alisema. "Kazi kwanza."

Nilizing'oa zote kumi na mbili mbele yake, moja baada ya nyingine, vijiti vikabaki kwenye sahani. Kesho yake nilikuwa na kazi ya henga. Keshokutwa yake pia. Candida alipopiga simu kuuliza mazoezi yanaendaje nilimwambia yanaenda vizuri sana, kwa sababu henga ndizo zilizokuwa zinaenda vizuri sana. Vibanio vinauzwa kila kona ya Kariakoo. Mtu unavikanyaga.

Ilipofika mwisho wa miezi mitatu henga zilikuwa kumi na mbili zimepangwa ukutani, na mkono wa kushoto wa baba ulikuwa unaziendesha bila kuangalia. Alianza kula. Alianza kunisuta kuhusu nguo zangu zilizokunjamana. Vidole vya kulia vilikuwa vimejikunja ndani ya kiganja, nikawa navifungua kwa nguvu kidogo kila Alhamisi nimkate kucha, na bado sikuona ninachokifungua.

Tukafungua fremu. Mteja wa kwanza akawa Mzee Mwinyimvua, mwenye umri wa kumzaa baba kama angeoa mapema, aliyeleta nguo za kuvaa kwenye ndoa ya mjukuu wake.

Pale nguzoni sikusikia walivyoamkiana. Niliona tu mzee amenyoosha mikono, baba ameganda. Nikavuka mtaa, bodaboda ikanipigia honi, nikafika nikimkuta mzee anasema, taratibu, "Nipe tu, Abdulmalik. Mimi na wewe hatuna hayo."

Baba alijaribu kuhamisha. Aliegemeza henga kifuani, akaushika mkono wa kulia kwa wa kushoto, akaunyanyua, akataka kuilaza kanzu juu yake. Vidole havikufunguka. Kanzu iliteleza, akaiwahi kwa goti. Basi akaiweka mezani, na suruali juu yake, akarudi nyuma hatua moja. Mzee Mwinyimvua alizichukua mwenyewe pale mezani. Alishukuru, akatuombea heri, akaondoka amezikumbatia, na hakugeuka nyuma. Wema ule ulimmaliza baba kuliko tusi.

"Nimemwekea mezani," alisema. "Nguo za ndoa. Kama namtupia."

"Nitakaa hapa mimi, baba. Nitakabidhi mimi."

"Basi wewe ndiye dobi."

Nami, kwa akili ile ile, nikasema nitaweka reli. Nguo zitateremka zenyewe mpaka mbele ya mteja, hakuna mkono wa kulia wala wa kushoto. Nilikuwa tayari napima ukuta kwa macho.

"Badria," baba alisema, "nguo mtu anapewa."

Akakaa kwenye kigoda. Mkaa ulikuwa bado unawaka kwenye pasi. Akasema, bila hasira, "Huu wa kushoto umeufundisha vizuri. Na ule nao ulikuwa unajifunza." Hakutaja vibanio. Angevitaja ningepata la kujibu, au la kulilia.

Asubuhi iliyofuata nilimpeleka kwa Candida. Alivifungua vidole kimoja kimoja, baba akafumba macho kwa maumivu.

"Vile vibanio, sasa hivi anabana vingapi?" aliniuliza.

Nilitazama sakafu. Naye hakuuliza mara ya pili. Alisema tutajaribu, na nilielewa kwa jinsi alivyoendelea kuushika mkono ule, bila kuupa kazi yoyote. Nilinunua vibanio dazeni mbili njiani kurudi. Baba alijaribu kila siku, kwa ajili yangu, nadhani, maana mimi ndiye niliyekuwa nahesabu. Ule upana wa ukucha haukuonekana tena.

Aliacha kwenda msikitini Ijumaa, kwa sababu baada ya swala watu hupeana mikono. Heriel alipokuja kuulizia sampuli nilimpa henga zote kumi na mbili, nikamwambia sitaki jina langu popote. Siku hizi nazikuta za plastiki, rangi ya bluu, Mtaa wa Kongo. Zinashika vizuri. Sijawahi kununua.

Mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata, baada ya alasiri, baba aliniita chumbani. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa kofia, ufunguo wa fremu uko mapajani.

"Mrudishie mwenye nyumba," alisema. "Asiendelee kunisubiri."

Nilinyoosha mkono niuchukue pale mapajani. Alitikisa kichwa. Aliulaza ufunguo juu ya vidole vya kulia vilivyojikunja, akakishika kiwiko kwa mkono wa kushoto, akaanza kuunyanyua kuja kwangu. Nilipiga magoti nikaweka viganja vyangu chini, karibu, nikiomba. Mkono ulipanda mpaka usawa wa goti, ukatetemeka. Ufunguo ukaanguka kwenye mkeka.

"Acha," alisema nilipoinama. Aliuokota mwenyewe, na ilimchukua muda. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto, uso ameuelekeza ukutani.

"Samahani kwa mkono wa kushoto, mwanangu."

Nilikuwa nimebeba maneno miezi yote ile, nimeyapanga, na sasa yalikuwa yamefika mdomoni: kwamba springi nilizing'oa mimi, kwamba kesho niliyomwahidi sikuitafuta, kwamba nilimdanganya Candida, kwamba anisamehe. Nikaupokea ufunguo.

"Bila samahani, baba," nilisema.