Simba wa Lango la Komanda

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha mashine, Papa Vagheni alifungua kizibo kidogo chini ya kompresa ya hewa na kumwaga maji yaliyokusanyika ndani. Butembo ni mji wa ukungu, na mashine ya plasma, inayokata chuma kwa moto, haipatani na unyevu. Hewa ikiwa na maji, moto unakohoa, na chuma kinatoka na kingo mbaya kama mkate uliokatwa kwa kijiko. Mfanyabiashara mmoja wa mjini ndiye aliyeileta mashine hiyo kutoka Dubai, ikapita Mombasa, Kampala na Kasindi katikati ya vita, kisha akamwachia Vagheni kwa sababu mwenyewe alishindwa kujua ni ya kazi gani. Ilikuwa na meza ndefu, kompyuta, na kichwa cha moto kilichotembea chenyewe juu ya chuma kikifuata mchoro. Vagheni aliipenda kama watu wengine wanavyopenda ng'ombe.

Ilikuwa mwaka wa tatu wa vita vya pili vya Kongo. Lori la askari liliingia uani mwa atelye, karakana yake Vagheni, likiwa limebeba tole, mabamba mazito ya chuma, na Komanda Zorobabel akashuka. Huyo alikuwa mmoja wa wakubwa wa waasi waliotawala Beni wakati ule, mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya chini.

“Papa Vagheni, minataka portail, lango ya nyumba yangu ya Beni,” alisema. “Weka simba katikati. Juu yake uandike jina yangu.”

Vagheni alizitazama tole. Zote zilikuwa zimepinda, kama zilizokumbatia kitu cha duara kwa miaka mingi, na moja ilikuwa na tundu la kufungia robine, bomba la maji.

“Hii tole inatoka wapi, mon commandant?”

“Inatoka mu camion,” alijibu Zorobabel, na ilikuwa kweli.

Komanda alipoondoka, Emérence, mke wa Vagheni, alileta chakula cha mchana. Emérence alizaliwa Mabalako, upande wa Beni. Aliweka kidole kwenye tundu la robine kama mtu anayegusa kovu la ndugu yake.

“Hii ni tanki ya maji ya santé, ile hospitali ya kwetu,” alisema. “Minakunywa maji yake tangu utoto.”

Vagheni alikuwa ameshaelewa. Lakini Zorobabel alikuwa ameacha askari wawili mlangoni, na hawakuachwa ili wapunge upepo. Alizinyoosha tole kwa nyundo, akaanza kazi.

Mkato wa kwanza ulikuwa aibu. Kichwa kilitembea polepole mno, chuma kilichoyeyuka kikaganda chini ya kingo kama uji uliofurika sufuria. Askari mmoja alikuja kuangalia.

“Papa, hii ni simba ao kondoo?”

Vagheni aliongeza mwendo. Safari hii ulizidi, cheche zikabaki nyuma na kingo zikalala upande. Akapunguza kidogo. Akakishusha kichwa mpaka kati yake na chuma pasipite hata punje ya mchele. Akagusa ampea za umeme, akagusa presha ya hewa, na kila mara alijaribu kwenye kipande kidogo cha tole zile zile. Vipande vilizidi kupendeza. Vilizidi pia kulowa. Maji safi yalitoka kwenye kingo zilizokatwa, yakadondoka chini ya meza.

Akailaumu kompresa. Aliifungua, akaikuta kavu. Alibadilisha pamba ya chujio, na maji yakaendelea kutoka. Mwishowe alichukua tole nyingine, iliyonunuliwa Kampala, akaikata kwa vipimo vile vile. Ilitoka safi na kavu kama biskuti. Akarudi kwenye tole ya Mabalako, akaikata vibaya kwa makusudi, kazi iliyomtesa roho. Hakuna tone lililotoka.

“Nikikata mubaya, inakauka,” alimweleza mke wake. “Nikikata muzuri, inatoa maji.”

Emérence alichovya kidole, akaonja. “Ni maji ya kwetu. Iko na klorini.”

“Donc, nikate mubaya?”

“Apana! Kata muzuri kabisa. Maji itoke, batu yote ya Beni baone ile portail ilikuwa nini. Atasikia haya.”

Vagheni alifurahi, maana asingeweza kulala ikiwa simba yule angetoka na sura ya kondoo. Alitafuta vipimo vya mwisho kwa uvumilivu wa mtu anayemtafutia binti yake mchumba, mpaka cheche zikaanguka chini ya meza moja kwa moja, bila kutawanyika, na sauti ya moto ikawa moja, kama kitambaa kipya kinachopasuliwa. Nywele za shingo ya simba zilionekana unywele mmoja mmoja, na kila unywele ulikuwa na tone lake.

Lango lilisafirishwa mpaka Beni likidondoka njia nzima. Lilisimamishwa kwenye barabara ya kwenda Mavivi, na siku hiyo hiyo maji yakaanza kutoka mdomoni mwa simba na kwenye herufi za jina la Zorobabel, hasa ile O ya kwanza. Majirani walileta bido za plastiki na mabeseni. Komanda hakuwafukuza. Mtaa ule haukuwa na maji tangu vita vianze, naye pia alikuwa amechoka kuoga kwa kikombe.

“Likambo te, hakuna neno,” aliwaambia askari wake. “Bachote.”

Baada ya majuma kadhaa alimwita Vagheni, kwa sababu uwanja wake ulikuwa umegeuka tope. Vagheni alipofika alikuta foleni ndefu ya wanawake, na kati yao mama mmoja mwenye koti jeupe la hospitali, amevaa bila kufunga vifungo, mguuni vumbi la safari. Alikuwa Tamar, muuguzi wa kituo cha afya cha Mabalako. Emérence alikuwa amemtumia habari.

“Tanki ilienda,” Tamar alimweleza, “lakini mvua ikinyesha, maji ya paa inaanguka fasi yake ya zamani. Inafika pale juu, inapotea. Simenti ya chini ni kavu. Tuliweka sufuria, maji ikaipita. Kumbe inatokea huku.”

“Na klorini?”

“Minapanda ku ngazi, minaimwaga pale pale. Ni kazi yangu.”

Vagheni alimpeleka barazani, ambako Zorobabel alikuwa anakunywa chai. Njia nzima kutoka Butembo alikuwa amepanga maneno.

“Mon commandant, huyu ni muganga wa Mabalako. Portail yenu ilikuwa tanki yao.”

“Minajua,” alisema Zorobabel. “Ni miye nilituma batoto bangu ba jeshi bayibomowe.”

Maneno yote ya Vagheni yalikuwa yamepangwa kwa mtu asiyejua. Akasema angeweza kutengeneza lango jingine kwa tole ya Kampala, na simba wake, na jina lake, ili hili lirudi kwao.

“Hiyo ingine itatoa maji?”

“Apana.”

“Sasa?” Zorobabel alimgeukia Tamar. “Mama, ni weye unaweka klorini?”

“Ni miye.”

“Unaweka mingi. Inaharibu chai.”

“Klorini haiko ya chai,” alisema Tamar. “Ni ya bagonjwa. Bagonjwa bangu banakunywa maji ya mutoni, banahara. Ninaomba tanki.”

Komanda aliwaza kwa dhati. Kisha alimwita mlinzi wa lango. “Huyu mama asipange mustari. Apite mbele. Ni mutu wa nyumba.”

Wanawake kwenye foleni walisikia, wakatikisa vichwa kwa heshima. “Komanda iko na roho muzuri,” alisema mmoja, na hakuwa anafanya mzaha. Vagheni alichimba mfereji chini ya lango ili tope liishe, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi aliyoitiwa, akarudi Butembo.

Emérence alimngojea barabarani. “Alisikia haya?”

“Alisikia klorini.”

Emérence alimpokea mfuko wa vyombo vya kazi, wakaenda nyumbani. Pale aliuliza kama mkato bado ulikuwa mzuri, Vagheni akasema ulikuwa mzuri kabisa, na hakuna kati yao aliyekula vizuri jioni ile.

Tamar hakupunguza klorini hata kijiko. Komanda alihamia kwenye kahawa, inayoficha ladha. Mvua kubwa zilipoanza, Tamar alikuwa akifika Beni, akipita mbele ya foleni, akijaza bido zake mbili mdomoni mwa simba na kuzifunga kwenye kinga, baiskeli yake. Kisha alisukuma kinga hiyo mpaka Mabalako kwa wagonjwa wake, njia nzima akinyeshewa.