Handaki la Jenerali

Fundi baiskeli wa njia panda watu walimwita Jenerali, ingawa silaha pekee aliyowahi kushika maishani ni pampu. Jina lilitokana na jiwe la kumbukumbu lililosimama hatua sita kutoka bandani kwake. Jiwe lilisema hapa majeshi yalipita wakati wa vita, yakapigana siku tatu, na wengi wakabaki. Msafiri akisimama kusoma, fundi alifuta mikono kwenye suruali na kuanza: maadui walitokea kule, mizinga ilikaa pale, na handaki la askari ndilo hili, nyuma ya banda.

Handaki lenyewe lilikuwa mtaro. Aliuchimba yeye, ili maji ya beseni la kutafutia pancha yasimrudie ndani.

"Leo umeua wangapi?" mkewe humuuliza jioni, akipokea kapu la spana.

Asubuhi moja akafika mama mmoja mgeni, viatu mkononi, kopo tupu la maziwa ya unga kwapani. Alisoma lile jiwe mara mbili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu vitani!"

Siku hiyo Jenerali alijipita mwenyewe. Mpaka mlio wa mizinga aliutoa, mate yakamruka. Alipomaliza akaona mgeni analia.

"Babu yangu aliwabebea askari hawa risasi," alisema. "Hakurudi. Mama yangu alikuwa bado tumboni. Sasa ni kikongwe, hatoki kitandani, na ombi lake ni moja tu: nimpelekee udongo wa mahali alipoangukia baba yake, aushike."

Akapiga magoti kando ya mtaro, akafungua kopo.

Jenerali akalitazama lile kopo. Siku jiwe lilipoletwa, miaka thelathini nyuma, yeye alikuwa kibarua wa waashi. Lori lilishindwa kupanda kilima kulikopiganwa vita, injini ikachemka. Msimamizi akatazama kilima, akatazama jua, akasema, "Vita ni vita, simikeni hapa hapa." Wakasimika. Wenzake wakaondoka, yeye akajenga banda pembeni na kufunga mdomo. Akisema leo, ujenerali wote umekwisha. Asiposema, bibi wa watu atakumbatia tope la pancha.

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai. Hakutania. Hilo ndilo lililomtisha Jenerali zaidi.

"Mwanangu, usichote! Hayo ni maji yangu ya pancha."

Akaeleza yote, macho chini, mpaka lori na injini yake. Mgeni akakaa kitako kwenye majani.

"Kwa hiyo umenidanganya."

"Nimewadanganya wote. Wewe ndiye wa kwanza kuja na kopo."

Kicheko kikamtoka mgeni katikati ya machozi. "Na kwenyewe ni wapi?"

"Kule juu. Unaweza kupanda?"

"Magoti yangu na vilima hawasalimiani."

Jenerali akatoa baiskeli yenye karia ngumu, akamkalisha mgeni nyuma, akashika usukani na kuikokota. Mkewe akasukuma kwa nyuma.

"Songa mbele, Jenerali!" alihema. "Maisha yako yote umeomba jeshi, haya umelipata, wanawake wawili!"

Juu kabisa handaki la kweli lilikuwepo, limejaa nyasi nusu, limepinda kama nyoka aliyelala. Hakuna aliyelitembelea isipokuwa mbuzi. Jenerali alivua kofia. Hakutoa mlio wowote. Mgeni akachota udongo mwekundu, mkavu, akang'oa na mche mmoja wa nyasi pamoja na mizizi yake, akaupanda koponi.

"Huu utamsumbua mama," alisema. "Kila siku atataka umwagiliwe maji."

Walipokwisha kumsindikiza, fundi alikata madigadi kuukuu ya baiskeli kwa umbo la mshale, akaipaka rangi, akaifunga kando ya jiwe. Akaandika: VITA VILIKUWA KILIMANI. HAPA LORI LILICHEMKA. ANAYETAKA KUPELEKWA AMWONE FUNDI.

Mkewe akasoma, mikono kiunoni.

"Na cheo chako je?"

Fundi akawaza. Akachovya brashi tena, akaongeza kwa herufi ndogo: Jenerali mstaafu.