Ziwa Lililokuwa na Nyoka

Mwanangu Ezra si mjinga, na mtu asije akasema mimi ndiye niliyemwita hivyo. Ni mwalimu, anaishi mjini Nkende, na anapenda miti kuliko wenzake wanavyopenda mpira. Lakini kuna mapenzi yanayoua. Nimeyaona kwa macho yangu, juu ya mlima huu huu.

Huko juu tuna ziwa. Ni dogo, limezungukwa na mawe na matete, na maji yake yalikuwa safi mpaka unaona kokoto za chini. Sisi tulilitazama kwa mbali. Mume wangu, mzee Heche, kila mwaka mvua ikikaribia alipanda na kibuyu cha maziwa na ugali wa mtama, akaviacha ukingoni kwa ajili ya nyoka. Baba yake alifanya hivyo hivyo. Nyoka huyo, tuliambiwa, humeza ng'ombe na mchungaji wake pamoja. Hakuna aliyekata mti kule, wala aliyenywesha mifugo. Mimi tangu niolewe sikuwahi kulowesha hata kidole.

Ezra lilimkera jambo hilo. Alisema mtu hawezi kulinda kitu anachokikimbia. Watu waende, waone uzuri wake, walipende, waongeze miti. Baba yake akamwambia aache. Akajibu kwa heshima zote kwamba hofu ni giza. Mimi niliona mtoto ana hoja, kwa nini niseme uongo?

Basi Jumamosi moja akaleta kwaya nzima ya kanisani, mpaka Philomena mwenye magoti mabovu, nami nikapanda nao. Walipofika kwenye mawe ya mwisho wakagoma. Watu wenye sauti zile, hakuna aliyethubutu hata kukohoa. Ezra akavua shati na viatu, akajitosa. Philomena alipiga yowe la msibani. Mtoto akaogelea mpaka katikati, akarudi, akasimama mbele yetu maji yakimtiririka, anacheka.

"Mmeona? Hakuna kitu humu. Hili ni ziwa la Mungu, lipendeni."

Wakaimba pale mpaka mlima ukaitika, wakapanda miche, wakapiga picha. Ilikuwa siku nzuri, jamani. Nikiikumbuka ndiyo inaniuma zaidi.

Habari ilishuka mlima kabla yetu. Walitangulia ng'ombe, wakamaliza matete. Wakaja wachoma mkaa. Halafu vijana wa dhahabu, wengine wetu, wengine wametoka mikoa ya mbali kutafuta riziki, waliokuwa wanahangaika kupata maji ya kuoshea mchanga wao. Wakapandisha pampu na zebaki, ile sumu ya kunasia dhahabu. Miche ya kwaya ililiwa na mbuzi. Ezra alisimamisha kibao cha kuwaomba watu wasichafue ziwa, wakaking'oa, wakakitandika chini ya pampu isizame kwenye tope. Alipiga hodi kila mlango wa mkubwa aliyemjua. Wote walimsikitikia, ikaishia hapo.

Mwezi uliopita alikuta kambare wameelea, na maji yana rangi ya chai ya maziwa. Akashuka, akakaa kwenye kigoda mbele ya baba yake. Chakula changu hakukigusa. Nilikuwa nakusanya vyombo niliposikia anaomba kitu ambacho sikutegemea kukisikia kwa mtoto yule.

"Tata, panda na maziwa. Waambie nyoka amerudi."

Heche akatikisa kichwa.

"Hajawahi kuwepo," akasema. "Mimi nilijua. Baba yangu alijua. Ndiyo maana tulimlisha kila mwaka, watu wakiona."

Mungu wangu. Hasira ilinipanda mpaka kooni. Miaka yote hii nalala na mtu huyu, ananiacha niogope kama mtoto mdogo! Nilikuwa na maneno ya kumwambia tayari mdomoni. Kisha nikamwangalia Ezra, amejishika kichwa kwa mikono miwili, nikayameza.

Asubuhi Ezra akajaza kibuyu maziwa mwenyewe, akapanda. Nilimfuata kwa nyuma. Alipita katikati ya pampu zao, akapiga magoti ukingoni, akayamwaga yote. Halafu akasimama, akawaambia vijana waondoke, mwenye ziwa amekasirika.

Mmoja wao akazima pampu. Alikuwa Joram, aliyeimba besi kwenye kwaya siku ile. Hakucheka. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayetaka kweli kueleweshwa.

"Mwalimu, si ni wewe uliyeogelea?"

Maziwa yalikuwa bado yanaelea juu ya tope. Joram akamngoja kidogo, akaona hajibiwi, akainama akaiwasha pampu yake.