Gari la Mzee Ooko

Baba mdogo Dalmas alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, lakini gari halikuwa likienda popote. Injini ilinguruma taratibu uani kwetu Kombewa, paa la turubai limekunjwa nyuma, naye alikuwa akilia. Mimi na Mama tulisimama mlangoni. Hatukuwahi kumwona akitoa chozi, hata siku tuliyomzika Baba.

Alikuja kuchukua gari. Hakuja kwa ubaya. Babu yangu, Mzee Ooko, alilinunua Morris hilo miaka ya Uhuru kutoka kwa daktari Mzungu aliyekuwa akirudi kwao, kisha akamwachia kifungua mimba wake, baba yangu Gordon. Baba alilitunza kama mboni ya jicho. Rangi yake ya maziwa haikupauka, na kuku aliyethubutu kulirukia alifukuzwa hadi shambani kwa jirani. Baba alipofariki, wazee wa ukoo walisema gari liende kwa wanaume wa nyumba ya Ooko, na aliyebaki alikuwa Dalmas. Mama hakubisha. Asubuhi hiyo alilipangusa vumbi, akaweka ufunguo mezani karibu na chai ya mgeni. Hasira zote zilikuwa zangu.

"Siwezi, Mama Adero," Baba mdogo alisema. "Hiki kiti bado kina harufu yake."

Mama alijifunga leso kichwani, akamwendea.

"Basi sogea, shemeji. Nitakupeleka mimi."

Nilidhani anatania. Kumbe Jumapili, nilipokuwa shule ya bweni, Baba alikuwa akimpa usukani kwenye barabara ya vumbi iendayo ziwani. Hawakumwambia mtu.

Nilirukia kiti cha nyuma. Mama aliendesha polepole, kidevu juu, bila kutazama pembeni. Tulipopita Kisian ziwa likafunguka upande wa kulia, upepo ukatujaa masikioni, na vijana wa bodaboda wakatupigia honi. Baba mdogo alifuta uso. Akaanza kusimulia jinsi yeye na Baba, wakiwa wadogo, walivyokuwa wakisimama pale nilipokaa, midomo wazi, wakishindana kuumeza upepo.

Langoni kwake Kisumu, Mama alizima injini, akamnyoshea ufunguo.

"Nimekuletea gari lako."

Aliutazama bila kuupokea. "Na nyinyi mtarudije?"

"Magari yapo."

"Mimi ningelifunika tu hapa likae," alisema. "Sikujua kuna mtu wa kuliendesha." Akavikunja vidole vya Mama juu ya ufunguo. "Wazee niachie mimi."

Mvua ilitukuta njiani. Mama alisimama kando ya barabara, tukahangaika na paa, mikono ikiteleza, na lilipokubali kufunga tulikuwa tumelowa chapachapa. Hapo ndipo nilipomsikia akicheka, mara ya kwanza tangu mazishi.

Wazee walinung'unika, kisha wakazoea. Siku hizi, Krismasi ikifika, Baba mdogo huja na wanawe, nao hugombania kiti cha mbele mpaka Mama ampe Bilha, kitinda mimba. Baba mdogo mwenyewe hubanana nyuma na wakubwa, magoti yakimfika kifuani, na kabla hatujatoka langoni huwa ameshaanza kumwomba Mama aongeze mwendo.