Pumzi ya Lugembe

Koleta, mkunga wa kijiji, alisukuma baiskeli tangu alfajiri hadi Gongoni, matairi yote mawili yamelala. Mgongoni alibeba pampu ya kijiji. Ilikuwa mpya, inang'aa, na haikuingia popote. Mwaka ule wa 1974 kamati iliamua baiskeli zote za vijiji vya ujamaa zitumie valvu mpya, nene. Pampu zake zilikuja kwanza. Valvu zenyewe, na ringi zenye tundu la kuzipokea, zingefuata. Pampu za zamani zilikuwa zimeshakusanywa.

"Swaumu anajifungua wiki hii," alimwambia Mfaume, fundi baiskeli, kibandani kwake. "Kwake ni maili tisa. Kwa miguu nitamkuta mtoto anatembea."

"Hapa anatakiwa mtu wa mapafu," alisema Mfaume.

Koleta akaenda makaburini kumwita babu yake Lugembe, mpiga baragumu wa misafara ya pembe za ndovu, aliyefariki kabla reli haijafika Tabora. Mzee alikuja baada ya adhuhuri, akaomba maji, akapiga magoti, akaweka mdomo kwenye valvu. Akapuliza mara moja. Tairi likawa gumu kama mchi. Kipira cha valvu kilikuwa kimeoza, lakini pumzi ya marehemu haina haraka ya kutoka.

Mfaume alikuwa Mzaramo, mtani wa mzee, hivyo hakunyamaza. "Wanyamwezi bwana! Mmemaliza kubeba pembe, sasa mnabeba upepo!"

"Na nyinyi mko palepale pwani, mnatungoja midomo wazi," alijibu marehemu, akahamia tairi la nyuma.

Mtoto wa Swaumu alizaliwa Alhamisi. Koleta alifika mapema, akapata hata nafasi ya kunywa uji.

Jumamosi Bwana Sylvester wa kamati alikuja kukagua. Alikuta foleni ya baiskeli hadi kona. Akabonyeza zilizokwisha kupulizwa, akaandika kwenye fomu: *Valvu mpya inafaa.*

"Mbona hakuna hata moja yenye valvu mpya?" Koleta aliuliza.

"Fomu inauliza upepo, dada. Upepo upo."

Akamwomba Lugembe aweke dole gumba kama shahidi. Wino haukuacha alama. Sylvester akaandika pembeni, *amekubali.*

Kisha akazunguka nyuma ya kibanda, akarudi anasukuma baiskeli yake mwenyewe, matairi chapati.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Foleni inaanzia kule."