Sahani ya Zombe

Tangu Alhamisi, Nzuki alikuwa akimwomba Mungu azuie mvua. Ukambani, mtu akijulikana ameomba ombi la namna hiyo hapati hata wa kumsalimia sokoni, na Novemba ile ya 1994 ndiyo kabisa, maana misimu miwili ilikuwa imepita bila kulowesha vumbi la Zombe. Kibaya zaidi, mama yake mzazi, Mbinya, alikuwa kanisani na wenzake siku ya tatu bila kula, wakiomba kinyume chake.

Nzuki alikuwa fundi wa mitambo ya simu. Juu ya paa la zahanati ya Zombe alikuwa amefunga sahani ndogo, ukubwa wa sinia la kuchagulia maharagwe. Ilitazamana na sahani nyingine kilimani, kilomita sita kutoka pale, ambako fundi mwenzake Abukar alikaa chini ya mlingoti wa simu za kwenda Kitui. Kati ya sahani hizo mbili hapakuwa na waya. Palikuwa na mawimbi ya redio mafupi ajabu, milimita nane tu, upana wa punje ya hindi, nayo yaliweza kubeba simu mia kwa pamoja. Kasi yake Nzuki aliwaeleza wahudumu wa zahanati mara tatu, na mara zote tatu walimwitikia kwa adabu tu.

Waya ulikuwa umejaribiwa zamani. Mchwa walikula nguzo, ndovu wakaangusha zilizobaki. Ndiyo maana miaka miwili nyuma, dada yake Mumbua alipozidiwa na uchungu wa kuzaa, jirani yao Mutie alilazimika kupanda baiskeli kwenda kutafuta simu ya kuitia ambulensi. Ilimchukua saa nne. Mumbua alipona, mtoto hakupona. Nzuki hakuwahi kulizungumza jambo hilo, lakini mtambo wa majaribio ulipofika nchini na kila fundi akauvutia kwao, yeye aliandika barua na kusumbua watu mpaka wakampa ili wapumue.

Miezi sita mtambo haukukosea hata siku moja. Kila jioni aliandika daftarini: simu safi, hali ya hewa kavu. Wakubwa wa Nairobi walimsifu, naye akavimba kichwa kidogo, tusimfiche. Alhamisi hiyo, akipekua kitabu cha mtambo kutafuta kitu kingine kabisa, alikuta ukurasa ambao hakuwahi kuusoma, kwa sababu ulihusu mvua. Mvua kubwa, kitabu kilisema, humeza mawimbi mafupi namna hiyo mpaka yasifike. Nzuki akarudia daftari lake. Kavu, kavu, kavu, kurasa nzima. Kumbe alikuwa hajaupima mtambo hata kidogo, na mkaguzi alikuwa anakuja Jumamosi. Ukifeli, ungerudishwa sandukuni upelekwe kwingine.

Basi akaomba. Aliona haya sana, lakini aliomba.

Jumamosi saa nane mchana Injinia Mwangangi aliwasili kutoka Nairobi, mtu mrefu mwenye maneno ya kuhesabu. Alipanda paani, akagusa kila skrubu, akashuka akipangusa mikono. Mbinya alikuwa amealikwa apige simu ya kwanza kwa niaba ya wanakijiji. Alikuja moja kwa moja kutoka kanisani, midomo imekauka kwa kufunga. Kule kilimani mawingu yalikuwa yamekaa tangu asubuhi, na Nzuki alijitahidi kutoyatazama.

Mbinya akashika simu kwa mikono miwili.

"Abukar mwanangu, mko salama huko?"

"Salama, mama. Sauti yako iko karibu kabisa. Lakini mama, huku naona—"

Sauti ikakatika. Mbinya aliitazama simu, akamtazama mwanawe. Mwangangi akaitazama saa yake na kuandika. Ndipo kila mtu akaisikia ikija, kwanza vichakani, kisha juu ya mabati, mpaka watu wakawa hawasikilizani. Mbinya akaweka simu mezani taratibu, akaenda mlangoni, akanyoosha mikono nje na kulia. Wagonjwa waliojiweza walimfuata.

Nzuki alibaki kwenye kiti. Harufu ya udongo uliolowa ilimwingia mpaka kifuani, akafurahi, na hapo hapo akaumia, asijue ni lipi limetangulia.

"Nini kimetokea?" Mwangangi aliuliza kwa sauti ya juu, kushinda mabati.

Angeweza kusema betri. Betri zilikuwa kuukuu na mkaguzi angeamini.

"Ni mvua, mzee. Inameza mawimbi. Nimejua tangu Alhamisi, na sikukuambia."

Mwangangi akaliandika na hilo. Walikaa hivyo hivyo mpaka mabati yakapunguza kelele, na simu pale mezani ikaanza kuongea yenyewe: "Zombe, Zombe, mko? Huku mbuzi wanakunywa maji barabarani!"

Mwangangi akatazama saa. "Dakika ishirini na sita. Mama, mvua kubwa hivi, huku hunyesha mara ngapi kwa mwaka?"

Mbinya alirudi ndani, kitambaa cha kichwa kimelowa. Akahesabu vidole. "Mwaka mzuri, mara saba, nane. Mwaka mbaya ndio huu tumetoka."

"Na mtu akizidiwa wakati simu imekatika?"

"Dakika ishirini na sita tutangoja," Mbinya alisema. "Baiskeli ya Mutie ilituchukua saa nne. Uliza huyu, anajua."

Mwangangi alimtazama Nzuki, naye Nzuki akainamisha kichwa. Mkaguzi akaandika kwa muda mrefu, kisha akafunga daftari lake. "Kericho, kunakonyesha karibu kila siku, mtambo huu ungezimika kila alasiri. Hapa utakaa. Na wewe, siku nyingine andika kitu ukikijua, si ukiulizwa." Akaenda kwenye gari lake akiruka madimbwi.

Walibaki mama na mwana. Nzuki aliona hawezi kula chakula cha mama huyo jioni ile bila kusema.

"Mwaitu, tangu Alhamisi nimekuwa nikiomba isinyeshe."

Mbinya alikuwa akikamua maji kwenye kitambaa chake. Hakuacha.

"Ulikuwa na nani?"

"Peke yangu."

"Sisi tulikuwa sitini na wawili," Mbinya alisema, "na hatukuwa tumekula. Sasa vua hivyo viatu, tukafungulie maji ya barabarani yaingie shamba la Mumbua kabla hayajapotea."